Kamera Imesimama Wapi? Jibu kwa Binti Anayependa Filamu za Wasichana Wanaokua

Marahaba, binti yangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Unasema una miaka 16, na una daftari ambamo umeandika maoni yako kuhusu kila filamu ya msichana anayekua uliyowahi kuitazama. Daftari hilo limeanza kukugombanisha na watu. Rafiki yako anasema unaharibu utamu, filamu ni za kujiburudisha basi. Mjomba wako anasema kama kuchambua ndiyo raha yako, chambua "sinema za maana". Nawe umebaki na maoni matatu usiyotaka kuyaachia. La kwanza, filamu hizi zinamdanganya msichana kwamba kukua ni kuvua miwani na kutengeneza nywele. La pili, mama ndani yake ama amekufa ama ni adui. La tatu, zingekuwa bora kama mvulana asingekuwamo kabisa. Kisha unaniuliza: je, nazidai mengi mno?

Hapana. Katika la kwanza uko sahihi kuliko unavyojua mwenyewe. La pili nitakubishia. Katika la tatu umemlaumu asiyehusika. Na kuna mahali ambapo naona unazidai kidogo mno, nitafika huko.

Nianze na miwani. Umeitaja She's All That ya mwaka 1999, nayo ni mfano mzuri kwa kuwa haifichi kitu. Mvulana anayependwa na shule nzima anaweka dau na mwenzake kwamba anaweza kumchukua msichana yeyote na kumfanya malkia wa dansi ya kumaliza shule. Anachaguliwa Laney, mchoraji, mwenye miwani na ovaroli. Dada wa yule mvulana anamkalisha, anamtinda nyusi, anamkata nywele, kisha Laney anashuka ngazi na gauni jekundu. Umeandika kwamba hapo ulifurahi na kukasirika kwa pamoja, na hujui kwa nini.

Irudie sehemu hiyo ukiwa umezima sauti, na uangalie kamera imesimama wapi. Imesimama chini ya ngazi, upande wa mvulana. Tunamwona Laney kama anavyomwona yeye, halafu tunaoneshwa uso wa mvulana ili tujue tuhisi nini. Siku inayosemwa kuwa ni ya Laney, macho yake ndiyo ambayo hatukupewa. Hatuoni ngazi zile zinavyoonekana ukiwa juu, na mtu anakusubiri chini, na mwili umevalishwa kitu ambacho jana hukukijua. Furaha yako ilitokana na kukalishwa mahali pa mvulana. Hasira yako ilitokana na kumjua yule aliye juu. Zote mbili ni za kweli, usiikane hata moja.

Wahenga walisema uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hiyo simwelekezei Laney, maana yeye ndani ana mengi: picha anazochora, baba, mdogo wake, kifo cha mama yake. Naielekeza kwa filamu iliyokuwa na yote hayo mkononi ikachagua ngazi.

Jambo hili lina historia. Mwaka 1975 mhakiki Mwingereza Laura Mulvey alichapisha makala katika jarida la Screen akieleza kwamba sinema ya Hollywood imezoea kumpa mwanamume kazi ya kutazama, na mwanamke kazi ya kutazamwa. Makala hiyo imebishaniwa sana tangu wakati huo, hata na wanawake wenzake, lakini swali lake halijazeeka. Wewe umelifikia peke yako ukiwa na daftari na hasira. Ndiyo maana nimekaa kukujibu kwa urefu.

Sasa weka kando yake Eighth Grade ya mwaka 2018, ambayo naona umeipa mistari miwili tu. Kayla ana miaka 13 na chunusi ambazo hakuna aliyehangaika kuzificha. Anatengeneza video za kuwashauri vijana wenzake wajiamini, na karibu hakuna anayezitazama. Anaalikwa kwenye sherehe ya kuogelea, na anayemwalika ni mama wa mwanafunzi mwenzake. Binti mwenyewe wala hamtaki. Akifika anajifungia bafuni, pumzi zinamkata. Kisha anasimama nyuma ya mlango wa kioo na vazi lake la kijani la kuogelea, akiwatazama wenzake walioko nje. Anatoka amekunja mabega, hajui mikono aiweke wapi, na muziki unapiga kwa kishindo kana kwamba anaingia vitani. Ni hatua chache tu, kama ngazi za Laney zilivyokuwa chache. Lakini hizi tunazitembea sisi pia, na mimi kila nikiiona sehemu hiyo tumbo linanikaza kana kwamba nina miaka 13.

Aliyeiandika na kuiongoza ni mwanamume, Bo Burnham. Alitumia muda mwingi kutazama video ambazo watoto wa umri huo hujirekodi na kuziweka mtandaoni, akisikiliza wanavyosema na wanavyokwama katikati ya sentensi. Kwa hiyo ile sentensi ya ukurasa wako wa kwanza, kwamba filamu za wasichana ziongozwe na wanawake tu, ifikirie upya. Ningependa sana wanawake waongoze nyingi zaidi, tena nyingi mno. Ila dai hilo ni la haki ya kupata kazi. Halitakusaidia kujua filamu ipi imemwona msichana na ipi imemtazama tu.

Jambo moja kuhusu filamu hiyo linaniuma hadi leo. Nchini Marekani iliwekwa daraja la R, yaani aliye chini ya miaka 17 hakuruhusiwa kuingia bila mzazi au mlezi. Watoto wenye umri wa Kayla wakafungiwa mlango wa hadithi yao wenyewe. Agosti mwaka huohuo wasambazaji wake, kampuni ya A24, waliandaa siku moja ya maonyesho ya bure, jumba moja katika kila jimbo, bila kuulizana umri mlangoni. Ukisikia mtu anasema filamu hizi ni mchezo wa watoto, mkumbushe kwamba watu wazima wamekuwa wakibishana muda wote huu ni kiasi gani cha maisha ya mtoto ambacho mtoto mwenyewe anaruhusiwa kukiona.

Twende kwa mama.

Umeandika kwamba katika Lady Bird, ya Greta Gerwig, 2017, mama "anamkandamiza binti mwanzo hadi mwisho". Hapa nakubishia, na nakubishia kwa mapenzi, kwa sababu nilipoitazama mara ya kwanza nilifikiri kama wewe. Rudi kwenye chumba cha kujaribia nguo. Wako duka la mitumba, binti anajaribu gauni, mama anauliza kama si la pinki mno. Neno dogo kabisa. Binti anaumia, na kutoka hapo wanafika kwenye swali ambalo filamu nzima imejengwa juu yake. Hamuulizi mama kama anampenda, hilo analijua. Anamuuliza kama anapendezwa naye. Mama anajibu kwamba anataka binti yake awe mtu bora kabisa kadiri anavyoweza kuwa. Binti anauliza: je, kama huyu hapa ndiye bora wangu?

Hebu tazama mahali pazungumzwapo maneno hayo. Ni chumba cha nguo, kioo, gauni: vilevile vitu vya filamu za kugeuza sura. Lakini hakuna mvulana anayengoja nje. Mtazamaji wa binti ni mama yake, na mama naye anatazamwa na binti, na hakuna hata mmoja anayepata jibu alilolitaka. Mama huyo anafanya zamu mbili mbili hospitalini wakati baba amepoteza kazi. Anasema mambo makali kwa sababu anahesabu fedha ambazo binti hazihesabu. Kisha inakuja siku ya uwanja wa ndege, ambapo mama anakataa kushuka garini, anazunguka na gari barabarani, na uso wake unabadilika kidogo kidogo nyuma ya usukani. Filamu inamwacha binti ikabaki na mama. Adui hapewi nafasi kama hiyo.

Turning Red ya mwaka 2022 imefanya jambo linalofanana kwa njia ya katuni, na sioni aibu kusema niliitazama nikilia. Mwongozaji wake, Domee Shi, ndiye mwanamke wa kwanza kuongoza peke yake filamu ndefu ya Pixar, studio ya katuni ya Marekani. Mei ana miaka 13, anaishi Toronto, na kila hisia zikimpanda anageuka panda mwekundu mkubwa. Mama yake anapougonga mlango wa bafu, anadhani binti amevunja ungo, na anakuja na mafurushi ya pedi. Wapo watu wazima waliolalamika kwamba filamu ya watoto imeonyesha pedi. Binti yangu, kitabu cha Judy Blume kuhusu msichana anayesubiri hedhi yake ya kwanza kilichapishwa mwaka 1970, na filamu yake ilitoka mwaka 2023. Miaka 53! Kwa jambo linalompata karibu kila msichana duniani.

Lakini sehemu ninayotaka uitazame iko mwishoni. Mei anaingia msituni, mahali pa mizimu ya ukoo wao, akamkuta msichana wa rika lake amekaa analia kwa sababu amemuumiza mama yake na hatawahi kumtosheleza. Msichana huyo ndiye mama yake. Mei anamshika mkono, wanatembea, na kila hatua yule msichana anaongezeka umri hadi anakuwa mama tunayemjua. Kukua, katika filamu hii, kunafika siku unapomwona mama yako akiwa mtoto. Na katika Queen of Katwe ya Mira Nair, 2016, mama wa Phiona, msichana wa Uganda anayecheza chesi, hauchukii mchezo huo. Anaogopa kwamba binti ataonja maisha mengine halafu arudishwe alikotoka, na asiweze tena kuishi pale wala kule. Woga huo si wa mtu mbaya. Ukiwa na nafasi, rudia kurasa zako zote ulizoandika "mama adui" na ujiulize mama yule alikuwa anaogopa nini.

Kuhusu wavulana nitasema kwa mfano mmoja, maana ndani yake kuna kila kitu.

Katika Pretty in Pink ya mwaka 1986, Andie ni msichana asiye na fedha. Anapendwa na Duckie, rafiki yake wa siku zote, na yeye anampenda Blane, mvulana wa familia tajiri. Mwisho uliopigwa kwanza ulimwacha Andie na Duckie. Filamu ikaonyeshwa kwa watazamaji wa majaribio, hawakuupenda, na mwisho ukapigwa upya: Andie akaenda kwa Blane. Mwaka uliofuata mwandishi huyohuyo, John Hughes, na mwongozaji huyohuyo, Howard Deutch, walitoa Some Kind of Wonderful. Hadithi ni ileile ila imegeuzwa: sasa katikati yuko mvulana, na rafiki wa siku zote ni msichana. Na mvulana anamchagua rafiki. Mwisho ambao Andie alinyang'anywa, kijana wa kiume akapewa.

Unaweza kunijibu kwamba watazamaji waliona tu kwamba Andie na Blane walipendana kweli, na huenda ndivyo. Mimi naona swali la "yupi" lilikuwa dogo tangu mwanzo. Angalia gauni la pinki. Andie amelishona mwenyewe, kwa kukata na kuunganisha magauni mawili aliyopewa na watu wanaompenda. Hakuna aliyemtinda nyusi. Wengi wanasema gauni lile ni baya, nami sibishani nao kuhusu mshono. Lakini ni msichana anayejigeuza kwa mikono yake, na tunaiona mikono hiyo ikifanya kazi. Mvulana akiwemo au asiwemo, tafuta hiyo mikono. Filamu isiyo na mapenzi kabisa inaweza kumpamba msichana kama sanamu, na filamu yenye busu tatu inaweza kumpa akili na hiari yake yote.

Sasa nafika pale unapozidai kidogo mno. Nimehesabu majina uliyoniandikia: isipokuwa mawili, yote ni ya wasichana wa Marekani, na mengi yamo ndani ya korido za shule zenye makabati ya chuma. Umekuwa ukilalamika chakula ni kilekile huku unakula sahani moja.

Itafute Wadjda ya mwaka 2012. Ni filamu ndefu ya kwanza kupigwa yote ndani ya Saudi Arabia, na aliyeiongoza ni mwanamke, Haifaa al-Mansour. Msichana wa miaka 10 anataka baiskeli ya kijani ili ashindane na rafiki yake wa kiume, na anaingia mashindano ya kusoma Kurani ili apate fedha za kuinunua. Hadithi ni nyepesi, na msichana ni mjanja kwelikweli. Lakini fikiria ilivyopigwa. Mitaani Riyadh mwongozaji hakuweza kusimama hadharani akiwaamrisha wanaume, kwa hiyo alikaa ndani ya gari, akitazama skrini na kutoa maelekezo kwa redio ya mkononi. Wakati huo nchini humo hapakuwa na majumba ya sinema. Yalifunguliwa tena mwaka 2018. Mwanamke asiyeweza kuwaamrisha wanaume hadharani ndiye aliyeamua kamera isimame wapi barabarani. Mimi kila nikiliwaza hilo nashindwa kuzitazama picha za msichana yule juu ya baiskeli kwa utulivu.

Itafute pia Rocks ya Sarah Gavron, 2019. Kabla ya kuandika hadithi, waandaaji walikaa muda mrefu na wasichana wa shule za London, wakiwasikiliza, na wasichana hao ndio walioigiza. Ndani yake mna hata picha zilizopigwa kwa simu za wasichana wenyewe. Mama anaondoka nyumbani, Rocks anabaki na mdogo wake wa kiume, na anajaribu kumficha dunia nzima. Hakuna anayemgeuza sura. Urafiki wa wale wasichana, kucheka kwao, kugombana kwao na kusameheana bila hotuba, vimenishinda kuvieleza, vitazame.

Na Whale Rider, 2002, ya New Zealand, kwa ajili ya tukio moja. Pai anasimama jukwaani kumsifu babu yake, anayemkataa kuwa kiongozi kwa kuwa ni msichana, na kiti alichomwekea babu kiko kitupu. Anazungumza akikitazama kiti kile. Keisha Castle-Hughes aliteuliwa kuwania Oscar ya mwigizaji bora wa kike akiwa na miaka 13, na wakati huo hakuna aliyewahi kuteuliwa katika kundi hilo akiwa mdogo kuliko yeye. Mustang ya Deniz Gamze Ergüven nayo ni kubwa, ndugu watano wa kike katika kijiji cha Uturuki, lakini ina mambo mazito ya kuumiza. Hiyo itazame na mtu mzima unayemwamini, mzungumze baadaye.

Mjomba usigombane naye. Muulize tu kama The 400 Blows ya François Truffaut, 1959, ni sinema ya maana. Kama anaijua sinema, atasema ndiyo, tena atasema kwa heshima. Basi ni hadithi ya kijana anayekua: shule inamchosha, nyumbani hapakaliki, anatoroka, anafika baharini, anageuka na kututazama usoni, na picha inaganda. Kwa karibu miaka 70 watu wameuheshimu mwisho ule kwa sababu mtoto ametutazama sisi. Mwombe mjomba akae nawe kwa Rocks au Eighth Grade, kwa uvumilivu uleule tu anaompa yule kijana.

Na ile hofu yako kwamba kwa miaka 16 huna haki ya kuhakiki: Nikki Reed alikuwa kijana wa miaka 14 hivi alipoandika Thirteen pamoja na mwongozaji Catherine Hardwicke, kutokana na maisha yake mwenyewe, na akaigiza humo. Filamu yenyewe ina dawa za kulevya na kujiumiza, kwa hiyo si haraka uitazame. Nakutajia ujue tu kwamba umri wako hauzuii kitu. Rafiki anayesema unaharibu utamu, mpe tukio moja, sauti imezimwa, mtazame pamoja. Usimhubirie.

Limebaki lile ulilolificha mwishoni kabisa mwa barua, kwa herufi ndogo: kwamba bado unaipenda The Princess Diaries ya mwaka 2001, na unaona aibu kwa sababu msusi anamvunjia Mia miwani na kumnyoosha nywele. Usione aibu. Mimi pia naipenda, na kosa lake nalijua. Lakini nenda karibu na mwisho, usiku wa dansi. Mia anafika amelowa mvua, amevaa suruali ya jinzi na sweta, nywele zimemganda usoni, na ni katika hali hiyo ndipo anaposimama mbele ya wageni wote na kutoa uamuzi wake. Gauni na taji vinakuja baadaye, alipokwisha kusema. Iweke hiyo kwenye daftari, kando ya ngazi za Laney, na uniandikie umeona nini.